Kujichoma sindano, kurukiwa na damu na majimaji mengine ya mwili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watumishi wa afya

Mimi ni muuguzi mkunga. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeifanya leba, na miaka ya karibuni nasimamia kinga na udhibiti wa maambukizi katika hospitali ya wilaya. Maswali yaliyomo humu ni yale ninayoulizwa kwenye mafunzo kazini, kwenye korido baada ya kikao cha asubuhi, na kwa simu za usiku wa manane kutoka kwa wenzangu waliojichoma wakiwa zamu. Majibu yanafuata utaratibu uliozoeleka Tanzania Bara, ingawa mtumishi wa Mombasa, Goma au Kigali atakuta mengi yanamhusu vilevile.

Nimejichoma sindano sasa hivi. Nifanye nini kwanza?

Acha unachofanya, ukiwa umemwacha mgonjwa salama au umemkabidhi mwenzako, kisha vua glavu na uoshe sehemu iliyochomwa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usiminye kidole ili damu itoke, usikinyonye, wala usimimine jiki au spiriti kwenye jeraha ukidhani unaua virusi. Kuminya hakujathibitika kuwa na faida yoyote, na dawa kali huunguza nyama ya kidole ikabaki imejeruhiwa kuliko sindano yenyewe ilivyoijeruhi. Sabuni ya kawaida na maji ya bomba, au maji ya ndoo yenye koki pale ambapo bomba halitoi, yanatosha.

Baada ya kuosha, mwambie msimamizi wa zamu palepale. Usisubiri zamu iishe, usisubiri kumaliza kuandika mafaili, na usisubiri kesho kwa sababu CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, imefungwa. Msimamizi anapaswa kujua mambo manne: ni kifaa gani kilichokuchoma, kilikuwa kimetumika kwa mgonjwa yupi, kimeingia kina gani, na ni saa ngapi. Saa iandikwe, kwa sababu kila uamuzi utakaofuata unahesabiwa kuanzia hapo.

Nayasema haya nikiwa najua ugumu wake. Mwanzoni mwa kazi yangu, usiku mmoja nikiwa namshona mama msamba kwa mwanga wa tochi iliyoshikiliwa na ndugu yake, sindano ya kushonea iliteleza ikanichoma kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Nilibadilisha glavu, nikamaliza kushona, nikaandika taarifa ya mama na mtoto, na yangu sikuiandika popote. Niliona aibu, kana kwamba nimekamatwa na kosa. Miezi iliyofuata nilikwenda kupima peke yangu, katika kituo cha mbali na ninapofahamika, na hata mume wangu sikumwambia. Majibu yalitoka salama, lakini hakuna mtumishi anayestahili kuishi miezi ile namna nilivyoiishi mimi, na kilichonifikisha huko hakikuwa sindano bali ukimya wangu.

Damu au maji ya uzazi yamenirukia machoni au mdomoni. Je, hilo nalo linahesabika?

Linahesabika kabisa. Jicho lioshwe kwa maji safi mengi au kwa maji ya dripu ya chumvi kwa dakika 10 hadi 15, huku mwenzako akikushikilia kope zibaki wazi, na kama umevaa lenzi uzitoe baada ya kuosha mara ya kwanza kisha uoshe tena. Sabuni isiingie machoni. Mdomoni, tema kwanza, halafu sukutua kwa maji mara kadhaa na uyateme yote. Ngozi nzima isiyo na mchubuko ikiguswa na damu, ioshe tu kwa sabuni na maji, hakuna dawa inayohitajika. Lakini ngozi iliyopasuka, yenye pumu ya ngozi au kidonda kipya ihesabiwe kama mlango uliofunguliwa.

Ni majimaji yapi hasa ya kuogopa?

Damu ndiyo ya kwanza, pamoja na kila kitu kilichochanganyika na damu inayoonekana. Yanafuata shahawa, ute wa ukeni, maji ya uzazi, maji ya uti wa mgongo, na yale yanayotolewa kifuani, tumboni, kwenye maungio na kwenye mfuko wa moyo. Jasho, machozi, mate, mkojo, kinyesi na matapishi visivyo na damu havihesabiwi kuwa na hatari ya kuambukiza VVU mahali pa kazi. Hata hivyo mgawanyo huo ni wa VVU tu. Kinyesi hubeba kipindupindu na homa ya matumbo, na katika magonjwa ya Marburg na Ebola hata jasho na matapishi yanaweza kuambukiza.

Hii ndiyo sababu tunafundisha tahadhari za kawaida, yaani kumhudumia kila mgonjwa kana kwamba damu na majimaji yake yana maambukizi, bila kumwangalia usoni, umri wake, dini yake au gari lililomleta. Utaratibu wa kuitazama damu ya kila mtu kwa jicho moja ulianza kuenezwa Marekani mwaka 1987, na mwaka 1996 ukapanuliwa ukajumuisha majimaji mengine ya mwili. Bado ninakutana na watumishi wanaovaa glavu mbili kwa mgonjwa mwenye kadi ya CTC na kumshika kwa mikono mitupu yule asiye nayo. Mwenye kadi mara nyingi anameza dawa na virusi vyake vimefubazwa. Asiyepimwa ndiye usiyejua lolote juu yake.

Uwezekano wa kuambukizwa ni mkubwa kiasi gani?

Kwa VVU, mtumishi akichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye maambukizi na asipate dawa za kinga, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban asilimia 0.3, yaani kama mtu mmoja katika kila matukio 300. Damu ikiingia machoni au mdomoni ni takriban asilimia 0.09. Kwa homa ya ini C, makadirio yaliyotumika kwa miaka mingi ni asilimia 1.8, na tafiti za karibuni zinaonyesha kuwa ni pungufu ya hapo. Homa ya ini B inaziacha zote nyuma sana: kwa mtumishi asiye na chanjo, uwezekano uko kati ya asilimia 6 na 30, kutegemea wingi wa virusi katika damu ya mgonjwa.

Watumishi wengi nikiwauliza wanaogopa nini, hujibu VVU. Wachache hutaja homa ya ini B, ilhali ndiyo inayoambukiza kwa urahisi zaidi kati ya zote tatu, na kirusi chake huweza kubaki hai kwenye tone la damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Lile doa la kahawia kwenye ukingo wa toroli ambalo kila mtu analipita asubuhi ni jambo la kutazamwa.

Matukio hayalingani kwa uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, uliohusisha watumishi waliojichoma katika Marekani, Ufaransa, Uingereza na Italia, ulionyesha kwamba hatari ya VVU hupanda jeraha likiwa la kina kirefu, kifaa kikiwa na damu inayoonekana kwa macho, sindano ikiwa imetoka moja kwa moja kwenye mshipa wa damu, au mgonjwa akiwa katika hatua za mwisho za UKIMWI. Sindano yenye tundu, kama ya kuchukulia damu au ya kanula, hubeba damu nyingi kuliko sindano ya kushonea. Glavu nayo husaidia hata inapotobolewa, kwa kuwa sehemu ya damu hubaki kwenye mpira kabla ncha haijafika kwenye ngozi.

PEP ni nini, na kwa nini kila mtu anasisitiza haraka?

PEP ni dawa za kupunguza makali ya VVU anazopewa mtu ambaye hajaambukizwa lakini ameguswa na hatari, ili kirusi kisipate nafasi ya kujijenga mwilini. Kirusi kikishaingia hakienei mwili mzima kwa saa moja. Huchukua siku kadhaa kutoka pale kilipoingilia hadi kwenye tezi na kwenye damu, na dawa inatakiwa iwahi kabla safari hiyo haijafika mbali. Kwa hiyo dozi ya kwanza imezwe mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 2, na isivuke saa 72. Baada ya saa 72 haitolewi tena kwa kawaida, kwa sababu faida yake haitegemewi.

Dawa inayotumika kwa watu wazima walio wengi ni kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir, ambacho wagonjwa na watumishi wanakiita TLD. Humezwa kwa siku 28 mfululizo. Ule utafiti wa mwaka 1997 ulikuta kwamba AZT peke yake, dawa ya zamani yenye maudhi mengi, ilipunguza uwezekano wa maambukizi kwa takriban asilimia 81. Dawa tulizonazo leo zina nguvu zaidi na zinavumilika vizuri zaidi. Wachache hupata kichefuchefu, kuumwa kichwa au kukosa usingizi katika siku za mwanzo, na wapo wanaoacha katikati, maudhi yakiwa yamekwisha na hofu imepungua. Acha hofu ipungue, lakini vidonge vimalizwe.

Kabla au mara baada ya kuanza, utapimwa VVU, kwa sababu mtu ambaye tayari ana maambukizi anahitaji matibabu kamili, wala siku 28 hazimtoshi. Utapimwa pia homa ya ini B na utendaji wa figo. Kipimo cha homa ya ini B kina sababu ambayo wengi hawaijui: tenofovir na lamivudine hukizuia pia kirusi cha ini, na mtu mwenye kirusi hicho akizikatisha ghafla baada ya siku 28, ini linaweza kuvimba upya. Dozi ya kwanza, hata hivyo, isisubiri majibu ya maabara. Meza, halafu vipimo vifuate.

Mjamzito na anayenyonyesha wanaweza kupewa PEP, na wamweleze mtoa dawa hali yao. Vipimo vya VVU hurudiwa baada ya wiki 6 na tena baada ya miezi 3, au kwa ratiba utakayopewa kituoni. Katika kipindi hicho tumia kondomu na usichangie damu.

Mgonjwa amepimwa na hana VVU. Je, niendelee na dawa?

Mgonjwa akipimwa kwa ridhaa yake na akakutwa hana maambukizi, na historia yake haionyeshi kwamba yupo katika kile kipindi cha mwanzo ambacho kipimo hakiwezi kuona, mtaalamu anaweza kuamua PEP isitishwe. Uamuzi huo si wako peke yako. Kama mgonjwa hajulikani, mathalani sindano imekutwa kwenye mfuko wa taka, tathmini hufanywa kwa kuangalia wodi ilikotoka na aina ya kifaa. Sindano yenyewe haipimwi, kwani majibu yake hayaaminiki na anayeipeleka maabara anaweza kujichoma upya.

Mgonjwa asipimwe kwa siri. Aelezwe kwa heshima kilichotokea, aombwe, na majibu yake yatunzwe kama ya mgonjwa mwingine yeyote. Katika miaka yangu yote, wagonjwa niliowaeleza ukweli karibu wote walikubali. Mama mmoja wa makamo aliniambia, “Nipime mwanangu, wewe umeumia kwa ajili yangu.” Kama mgonjwa anameza dawa na virusi vyake havionekani kwenye kipimo, hatari hupungua sana, lakini kwa kuchomwa sindano PEP bado hutolewa.

Chanjo ya homa ya ini B inahusu nani, na dozi ngapi zinatosha?

Inamhusu kila anayeweza kuguswa na damu kazini: daktari, muuguzi, mtu wa maabara, mfua mashuka, mfanya usafi, mchoma taka, dereva wa gari la wagonjwa, mhudumu wa chumba cha maiti na mwanafunzi wa chuo cha uuguzi kabla hajaingia wodini kwa mara ya kwanza. Dozi ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu katika mwezi wa sita. Dozi moja haitoshi, na dozi mbili si tatu. Ninalisisitiza hili kwa sababu nikifungua daftari la chanjo la kituo chochote, safu ya dozi ya kwanza huwa imejaa majina, ya pili ina mapengo, na ya tatu imebaki nyeupe. Aliyeruka dozi haanzi upya. Anaendelea pale alipoishia.

Mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya tatu, pale maabara inapoweza, hupimwa kinga. Ikifika uniti 10 za kimataifa au zaidi kwa lita moja, umelindwa kwa muda mrefu.

Tanzania ilianza kuwachanja watoto dhidi ya homa ya ini B mwaka 2002. Maana yake wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni, na tunaingia kazini bila kinga isipokuwa tumechanjwa ukubwani. Vijana wanaojiunga na vyuo sasa wanaweza kuwa walichanjwa, ila wengi hawana kadi ya kuthibitisha.

Mtu asiyechanjwa akijichoma, chanjo ianzishwe mara moja, vizuri zaidi ndani ya saa 24, na kama ipo aongezewe sindano ya kingamwili ya homa ya ini B ndani ya siku 7. Sindano hiyo ya kingamwili ni ghali na haipatikani kila mahali, jambo linaloipa ile chanjo ya awali uzito zaidi.

Na homa ya ini C?

Haina chanjo wala dawa ya kumeza baada ya kujichoma. Kinachofanyika ni kupima na kufuatilia, na ikithibitika kuwa umeambukizwa, vidonge vya kisasa vinavyomezwa kwa wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa.

Sindano nyingi huchoma watu wakati gani?

Watu hudhani ni wakati wa kumdunga mgonjwa. Hapo mtumishi huwa makini, macho yake yapo kwenye ncha. Ajali huja baadaye, kazi ikiwa imekwisha na akili imeshahamia kwa mgonjwa wa kitanda kinachofuata: anaporudisha kifuniko, anapochomoa sindano kwenye bomba kwa vidole, anapoichomeka kwenye godoro “kidogo tu” ili mkono upate nafasi ya kubandika plasta, anapoiacha kwenye trei chini ya pamba, au anapoisukuma kwenye boksi lililojaa.

Hiyo ya godoro naomba niikazie. Ingia wodi yoyote ambako kanula zinawekwa kwa wingi na utazame upande wa kichwa cha kitanda. Mara nyingi utaona vitundu vidogo kwenye kifuniko cha plastiki cha godoro, vimepangana kama alama za kushonea. Kila kitundu ni sindano iliyochomekwa pale na mtu aliyekusudia kuichukua baada ya dakika moja. Ile aliyoisahau ilimpata aliyekuja kubadilisha shuka.

Kwa hiyo kifuniko kisirudishwe. Sindano na bomba lake vitupwe vikiwa pamoja, bila kutenganishwa, ndani ya sefti boksi, yaani boksi gumu la kutupia vyenye ncha kali, iliyo karibu kiasi cha kuifikia bila kupiga hatua. Panapokuwa hakuna njia nyingine, kama unapochukua damu mahali pasipo na boksi, kifuniko kilazwe juu ya meza na kiokotwe kwa ncha kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa nyuma ya mgongo. Wanaosema ajali haina kinga waje waone tofauti kati ya wodi yenye boksi kwenye kila toroli na wodi yenye boksi moja ofisini kwa muuguzi mfawidhi.

Sefti boksi ijae kiasi gani?

Robo tatu tu, kwenye ule mstari uliochorwa. Ikifika hapo hufungwa na kupelekwa kuchomwa. Haimwagwi ili itumike tena, haishindiliwi, na haikai sakafuni ambako mtoto wa mgonjwa anaweza kuifikia. Msimamizi anayeagiza maboksi machache ili kuokoa fedha anawafanya watumishi washindilie sindano kwa mikono, na dozi moja ya PEP pamoja na vipimo vyake ina gharama inayozidi maboksi mengi ya karatasi ngumu.

Nivae glavu wakati gani, na aina gani?

Vaa pale mikono inapoweza kugusa damu, majimaji, utando laini wa mwili au ngozi iliyochanika. Glavu safi za kawaida zinatosha kuchukua damu na kuweka dripu. Za upasuaji zilizotakaswa ni za chumba cha upasuaji na za kuzalishia. Zile nene za mpira ni za mfanya usafi na mwoshaji wa vifaa. Jozi moja ni ya mgonjwa mmoja. Glavu zilizooshwa kwa spiriti ili kumhudumia mgonjwa wa pili hazimlindi yeye wala wewe, na mikono ioshwe baada ya kuzivua kwa sababu matundu madogo hayaonekani kwa macho. Wala usivae glavu kumpima mtu joto au kumpa vidonge. Glavu zinazopotea hapo ndizo zinazokosekana leba saa tisa usiku.

Leba ina hatari gani za pekee?

Hakuna sehemu ya hospitali ambako majimaji hutoka kwa wingi na kwa ghafla kama leba. Chupa ya uzazi inaweza kupasuka wakati umeinama, kitovu kinachokatwa bila kubanwa vizuri pande zote mbili hutupa damu usoni, na kuondoa kondo la nyuma kwa mkono huingiza mkono hadi karibu na kiwiko. Ndiyo maana glavu fupi hazitoshi kwa kazi hiyo, bali zile ndefu. Aproni ya plastiki ifike chini ya magoti, viatu viwe vya kufunika mguu wote, gambuti zikiwepo ni bora, na uso uwe na miwani ya kinga na barakoa au ngao ya uso.

Miwani ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Nimewauliza wakunga sababu, wakaniambia hujaa ukungu kwa joto, na wana haki. Dawa yake ni kuchagua zenye matundu ya pembeni na kubana barakoa vizuri juu ya pua ili pumzi isipande. Jingine dogo lenye maana kubwa: unapopasua chupa, simama pembeni ya mama na si mbele yake, na usubiri uchungu upungue. Wakati wa kushona, sindano ishikwe kwa koleo, kidole kisitumike kutafuta ncha ndani ya nyama, na mwanga uwepo wa kutosha.

Damu imemwagika sakafuni. Isafishwe vipi?

Vaa glavu nene, zuia watu kupita, funika damu kwa kitambaa au karatasi inayonyonya, kisha mwagia dawa ya klorini ya asilimia 0.5 na usubiri dakika 10 kabla ya kufuta na kuosha kwa maji na sabuni. Vipande vya chupa viokotwe kwa koleo au kwa brashi na kizoleo, kamwe si kwa vidole.

Dawa hiyo huchanganywa kulingana na nguvu ya jiki iliyoandikwa kwenye chupa. Gawanya asilimia iliyoandikwa kwa 0.5, toa 1, na jibu ni idadi ya vipimo vya maji kwa kipimo kimoja cha jiki. Jiki ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo kimoja kwa vipimo 6 vya maji. Ya asilimia 5, kimoja kwa 9. Ichanganywe upya kila siku, kwa sababu klorini hupoteza nguvu kwenye joto na jua. Ile ndoo iliyoachwa tangu juzi ina harufu tu.

Wafanya usafi wanahusika vipi? Wao hawadungi mtu sindano.

Wanahusika kuliko wanavyofikiriwa. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, mama wa usafi alikuja kwenye meza ya wauguzi akanyoosha mkono na kusema, “Sista, naomba spiriti kidogo, nimechomwa na kitu.” Hicho kitu kilikuwa sindano iliyotupwa kwenye mfuko mweusi wa taka za kawaida, nayo ikatoboa plastiki wakati anaunyanyua na kuuegemeza kwenye paja. Alitaka kufuta na kuendelea. Nilipomwambia twende tukaandike taarifa alikataa, kwa kuwa aliajiriwa kwa mkataba na aliogopa kuonekana mzembe. Ilichukua karibu saa nzima kumshawishi, na kosa halikuwa lake hata kidogo. Lilikuwa la mmoja wetu wenye elimu na sare nyeupe.

Kwa hiyo mafunzo, chanjo, glavu nene na gambuti viwafikie wao kama vinavyowafikia wauguzi, na mikataba ya kampuni za usafi itaje wazi ni nani anayegharimia. Taka zitenganishwe pale zinapozaliwa: nyeusi kwa taka za kawaida, njano kwa zenye maambukizi, nyekundu kwa zenye maambukizi makali kama vipande vya mwili, na vyenye ncha kali daima kwenye boksi. Mifuko ibebwe kwa kushikwa shingo, mbali na mwili, isikumbatiwe wala kushindiliwa kwa mguu.

Marburg na Ebola zinabadilisha nini?

Zinabadilisha kiwango cha kinga, kwa kuwa karibu kila jimaji la mgonjwa linaweza kuambukiza na hakuna PEP ya kidonge kwenye kabati. Ukanda wetu unalijua hili kwa msiba. Mlipuko wa Marburg uliotangazwa mkoani Kagera tarehe 21 Machi 2023 uliwapata watu 9 na kuua 6, watumishi wa afya wakiwa miongoni mwa walioambukizwa. Katika mlipuko wa Ebola Uganda mwaka 2022, watumishi 19 waliambukizwa na 7 wakafariki. Rwanda ilipotangaza Marburg mwezi Septemba 2024, wagonjwa walifika 66 na wengi wao walikuwa watumishi wa afya. Na huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, Dokta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor alifariki tarehe 5 Desemba 2000 baada ya kumhudumia usiku muuguzi wake aliyekuwa mahututi kwa Ebola. Alikuwa amevaa kofia, barakoa, gauni na glavu, ila miwani hakuvaa.

Mgonjwa wa kwanza huja hana jina la ugonjwa. Huja na homa, kutapika na kuharisha, akidhaniwa ana malaria, na hupokelewa kwenye zahanati na mtu mwenye glavu moja. Tahadhari za kawaida zinazofanywa siku ambayo hakuna mlipuko ndizo zinazomlinda mtumishi huyo.

Ugonjwa ukishathibitika, mavazi kamili huvaliwa na kuvuliwa mbele ya mwangalizi anayesoma hatua kwa sauti. Hatari kubwa ipo kwenye kuvua, mtumishi akiwa amechoka, amelowa jasho na ana hamu ya hewa. Kila kinachovuliwa kifuatwe na kusafisha mikono, sehemu ya nje ya vazi isiguse ngozi, na miwani na barakoa vitolewe kwa kamba za nyuma ya kichwa, barakoa ikiwa ya mwisho usoni.

Kituo hakina glavu wala maboksi. Nifanyeje?

Andika. Maombi ya mdomo hayaachi alama. Mganga mfawidhi apelekewe barua, nakala ibaki kwenye jalada la kamati ya kinga na maambukizi, na upungufu utajwe kwa tarehe na idadi. Usalama wa mfanyakazi ni wajibu wa mwajiri kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Wakati unasubiri, kopo gumu la plastiki lenye mfuniko, lililoandikwa wazi na kutobolewa tundu juu, ni bora mara nyingi kuliko mfuko au ndoo iliyo wazi.

Nikiambukizwa kazini, nina haki ya fidia?

Kwa Tanzania Bara, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015, ukihusu sekta ya umma na ya binafsi. Dai lolote litahitaji ushahidi wa mambo mawili: kwamba tukio lilitokea kazini, na kwamba ulikuwa huna maambukizi siku ile. Ushahidi wa kwanza ni daftari la matukio, wa pili ni kipimo ulichofanyiwa mwanzoni. Asiyetoa taarifa anakosa vyote viwili. Taarifa na majibu yako ni siri, na msimamizi anayeyatangaza kwenye kikao cha asubuhi ametenda kosa kubwa kuliko la sindano.

Nilijichoma wiki mbili zilizopita na sikumwambia mtu. Je, nimechelewa?

Kwa PEP ya VVU, ndiyo, saa 72 zimepita. Kwa mengine bado. Pima VVU, homa ya ini B na C sasa, na upange tarehe za kurudia: wiki 6 na miezi 3 tangu siku ulipojichoma. Kama huna chanjo ya homa ya ini B, anza dozi ya kwanza leo, maana bado utaihitaji kwa siku zilizobaki za kazi yako. Ukipata homa, vipele, kuvimba tezi au macho kuwa ya njano katika wiki hizi, rudi kabla ya tarehe. Kisha mwone msimamizi wako au mratibu wa kinga na maambukizi, muandike taarifa hata kama siku zimepita, mkitaja siku, saa unayoikumbuka, kifaa na kitanda. Kama unaona vigumu kwenda peke yako, mwombe mwenzako wa zamu akusindikize. Nimewasindikiza wengi, na mlangoni pa CTC sijawahi kumwona hata mmoja akiulizwa kwa nini amekuja sasa.